Mlango Usiokuwamo Daftarini

Mama Vifungo alishona kwa miguu na kwa masikio. Miguu ilikanyaga cherehani. Masikio yalisikiliza barabara.

Jina hilo alipewa na watoto wa mtaa. Ukimpelekea shati lililodondoka kifungo, alikishona palepale, bila kukuambia uje kesho. Mafundi wengi hilo hawaliwezi.

Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, na dirisha lilitazama barabara. Zamani barabara ile ilikuwa ya baiskeli, kuku na watu wanaosalimiana. Kisha madereva wa malori ya mchanga wakagundua kwamba ni njia ya mkato. Tangu hapo malori yalipita mchana kutwa, tena mbio, mbele kabisa ya lango la shule.

Kila lori lilipopita, mguu wa Mama Vifungo uliacha kukanyaga. Alisubiri. Kama hakusikia breki wala kelele za watu, mguu uliendelea. Saa sita, watoto wa darasa la kwanza walipotoka, hakushona kabisa. Alikaa na kitambaa mkononi, roho juu, mpaka asikie sauti ya binti yake.

Sauti hiyo haikuwa ngumu kuisikia. Mtoto alikuwa na miaka saba, na nyumbani walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika.

"Mama! Mama, leo nimerudi na kiatu kimoja!"

Mama Vifungo aliinuka. Kweli, mguu mmoja wa mtoto ulikuwa na kiatu. Wa pili ulikuwa na soksi tu, imejaa vumbi. Mkononi Chiriku alishika kitu bapa.

"Kingine kiko wapi?"

"Si hiki! Lori limekikanyaga. Mimi niliruka hivi, kiatu kikabaki, lori likapita, puu! Halafu mwalimu akapiga kelele, halafu sisi wote tukacheka, halafu..."

Mama yake hakuyasikia mengine. Alikishika kile kiatu. Kilikuwa chembamba kama soli peke yake. Aliuwaza mguu uliokuwa ndani yake muda mfupi tu kabla, akakaa sakafuni.

Mama mkwe wake alikuwa kwenye kiti karibu na mlango, akichambua vipande vya vitambaa. Bibi huyu alikuwa na ulimi mkali na macho mazuri, na vyote viwili alivitumia kila siku.

"Mkwe wangu," alisema, "wale wenzako wa kugonga milango wako wapi?"

"Wenzangu gani, mama? Sisi si tulishindwa."

"Mlishindwa kura. Barabara je, imehama?"

Mama Vifungo aliinuka, akakiweka kiatu mezani.

Miezi mitatu nyuma kulikuwa na uchaguzi wa diwani. Yeye na wenzake kumi na mmoja walimfanyia kampeni mwalimu mstaafu aliyeahidi kuyaondoa malori. Walivaa fulana zenye picha yake. Walipita mlango kwa mlango kwa wiki sita, mpaka viatu vikatoboka. Mwalimu akashindwa kwa kura chache. Kesho yake wale kumi na wawili wakatawanyika kama abiria walioshuka kituoni, na hakuna aliyemtafuta mwenzake tena. Fulana ya Mama Vifungo ikawa kitambaa cha kufutia mafuta ya cherehani.

Tangu siku ile alipita vichochoroni ili asipite kwenye milango aliyoigonga. Mlango aliouogopa zaidi ulikuwa ng'ambo ya barabara, mkabala na dirisha lake. Ulikuwa wa seremala, aliyekuwa upande wa mgombea aliyeshinda. Siku ya matokeo seremala alitoka nje na debe tupu, akalipiga kwa nyundo na kucheza, huku akilitazama dirisha la Mama Vifungo. Aibu ile ilikuwa haijamtoka.

Lakini sasa kiatu kilikuwa mezani, na kila alipoinua macho alikiona.

Jumamosi alipiga moyo konde. Aliifua fulana ya kampeni mpaka mafuta yakapungua, akaivaa. Akachukua daftari lake la zamani la milango sitini na minne. Akatoka.

Mlango wa kwanza, mama mmoja alichungulia. Aliiona fulana. "Dada, si tumeshapiga kura?" Akafunga.

Mlango wa pili, pazia lilisogea kidogo, kisha likatulia. Hakuna aliyetoka, ingawa redio ilikuwa inaimba ndani.

Alipofika wa tatu, aliinua mkono kugonga. Seremala alikuwa kibarazani kwake, ng'ambo, anapiga randa ubao. Aliacha kazi akamtazama.

"Jirani!" alipaza sauti. "Uchaguzi umeisha! Au wewe hujaambiwa?"

Vijana waliokuwa wakingoja viti vyao walicheka. Mama Vifungo hakugonga mlango wa tatu. Aligeuka akarudi nyumbani mbiombio, akaivua fulana na kuitupa chini ya meza. Alijilaumu. Alijiona mjinga. Na Jumatatu mtoto angevuka tena barabara ileile.

"Hodi!"

Alishtuka. Alikuwa msoma mita wa maji, mwanamume mrefu mwenye tochi mfukoni na kitabu kinene kwapani. Alipita kila mwezi. Mita ya nyumba ile ilikuwa nyuma ya meza, kwa hiyo ilimbidi ainame. Alipoinuka alikuwa na fulana mkononi, na macho yake yakiwa kwenye daftari lililofunguliwa mezani.

"Dada, na wewe ni mtu wa milango kama mimi?"

"Nilikuwa," alisema Mama Vifungo. Machozi yalikuwa karibu. "Leo nimefukuzwa kwenye milango miwili, na wa tatu nimejifukuza mwenyewe. Kaka, hebu niambie. Wewe unawaletea watu habari mbaya kila mwezi. Mbona wanakufungulia?"

Msoma mita alicheka. "Kwa sababu nilikuja mwezi uliopita. Na wanajua mwezi ujao nitakuja. Wewe ulikuja mara ya mwisho lini?"

"Kabla ya uchaguzi."

"Kisha ukapotea."

"Nikapotea," alikubali.

"Basi wamekuona mgeni anayekuja akiwa na shida yake." Aliligeuza daftari. "Naweza kutazama?"

Kila ukurasa ulikuwa na orodha ya nyumba. Mbele ya kila nyumba palikuwa na alama moja. Alama ya vema ilikuwa ya waliosema watampigia mwalimu. Alama ya X ilikuwa ya wale wa upande wa pili. Alama ya kuuliza ilikuwa ya wasioeleweka. Kwenye nyumba ya seremala X ilikuwa kubwa, na kalamu ilikandamizwa mpaka karatasi ikatoboka.

"Huyu alikuudhi," alisema msoma mita.

"Sana."

"Yeye anataka nini hapa mtaani?"

"Alimtaka yule mgombea wao."

"Hapana, sikuulizia kura. Nauliza, anataka nini? Nini kinamnyima usingizi?"

Mama Vifungo alilitazama daftari. Alifungua ukurasa wa pili, wa tatu, wa nne. Wiki sita za kutembea juani. Milango sitini na minne. Hakuna hata neno moja ambalo mtu alilisema.

"Sijui," alisema taratibu. "Sikumuuliza yeyote."

Msoma mita alifungua kitabu chake. Namba zote alizifunika kwa kiganja, kwa sababu hizo zilikuwa siri za wenyewe. Alimwonyesha pembeni tu, alipojiandikia mambo yake kwa kalamu ya risasi. *Mbwa mkali, ita kwanza. Bibi hasikii vizuri, gonga dirishani. Alilalamikia bomba, nilisema nitampa jibu Alhamisi.*

"Unaona hii ya Alhamisi?" alisema. "Alhamisi ile fundi wa bomba alikuwa hajapatikana. Nilikwenda kumwambia hivyohivyo: bado. Alinuna, lakini mwezi uliofuata alinipa kiti."

"Ulikwenda kumwambia huna jibu?"

"Ndiyo. Nilisema Alhamisi, nikaenda Alhamisi."

Mama Vifungo alichukua kalamu. "Nieleze vizuri, kaka. Nianzie wapi?"

"Kwanza, fulana hii irudi kwenye mafuta yake. Ukiivaa, nusu ya mtaa inakufungia kabla hujasalimia. Pili, usibebe milango sitini peke yako, utachoka wiki ya kwanza. Anza na mitano. Tena ileile mitano, usirukeruke. Ukipata wenzako, nao wachukue ya kwao. Ukifika, uliza nini kinawasumbua mtaani, kisha nyamaza. Hapo ndipo wengi hushindwa, kunyamaza. Andika maneno yao walivyoyasema, usiyapambe. Na usiondoke bila kusema utarudi siku gani."

"Na nikirudi sina kitu?"

"Unarudi huna kitu."

Kwenye kiti chake, mama mkwe alikohoa. "Huyu baba ana akili. Kumbe mita zinafundisha."

Wiki ile Mama Vifungo alikwenda kwenye milango mitano, katika gauni lake la kawaida. Milango minne ilikwenda vizuri kuliko alivyodhani. Muuza mkaa alizungumzia taa ya barabarani iliyokufa. Watatu walitaja malori kabla hajayataja yeye. Mmoja wao ni yule aliyemfungia Jumamosi.

Mlango wa tano ulikuwa wa seremala.

Alisimama mbele yake muda mrefu. Mara mbili aliinua mkono, mara mbili akaushusha. Alimkumbuka Chiriku na soksi yake.

"Hodi."

Seremala alifungua, ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Alimtazama juu mpaka chini, akitafuta fulana. Hakuiona.

"Karibu," alisema kwa shingo upande.

"Sitakaa, jirani. Nimekuja kuuliza neno moja. Nini kinakusumbua hapa mtaani?"

Kisha akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kirefu mpaka akataka kukijaza kwa maneno yoyote. Aliuma midomo.

Seremala aliiweka randa chini. "Unamjua mzee wangu," alisema. "Masikio yake yamekwisha. Kila siku saa nne anavuka kwenda kuchukua gazeti. Ukimkataza anakasirika, anasema yeye si mtoto. Basi mimi nasimama hapahapa na randa mkononi. Siwezi kufanya kazi mpaka afike ng'ambo. Na akirudi, vilevile." Aliitazama barabara. "Kuna siku nitasikia breki, na nitakuwa nimechelewa."

Miezi yote hiyo, Mama Vifungo alikuwa akiacha kukanyaga upande ule, na huyu akiacha kupiga randa upande huu. Barabara moja ilikuwa inawatisha wote wawili.

"Mbona hukuniambia wakati ule wa kampeni?"

"Hukuniuliza. Uliniuliza nitampigia nani."

Hilo lilimwingia. Alifungua daftari, akaandika maneno yake yote, pembeni ya ile X iliyotoboa karatasi. Seremala aliinama kutazama.

"Hii X ni yangu?"

"Ni yako," alisema kwa aibu. "Nilikuwa na hasira."

"Na mimi nilipiga debe." Alijikuna kichwa. "Lile debe limenipa aibu mpaka leo, jirani. Mke wangu hakunisemesha siku mbili." Kisha akakunja uso. "Lakini sikiliza. Diwani nilimpigia kura mimi, na nilimtafutia kura za watu. Tukienda pamoja, mimi na wewe, atatukatalia kwa sababu gani?"

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza upya. Mama Vifungo aliwatafuta wale kumi na mmoja. Watatu walikubali. Seremala alileta wawili wa upande wake. Wakawa saba, na kila mmoja akapewa milango yake, hakuna aliyezidi kumi. Walikubaliana kwamba kila Jumamosi jioni watapita, na kwamba habari za vyama zitabaki nyumbani.

Mama mkwe naye alidai kazi. "Miguu sina," alisema, "lakini macho ninayo." Alikaa dirishani saa watoto wanapotoka shule. Kila lori lilipopita alitia kifungo kimoja kwenye kopo. Siku ya kwanza, kwa saa moja, vifungo kumi na tisa. Siku ya pili, ishirini na viwili. Siku ya tatu, ishirini na kimoja. Kila siku iliandikwa na tarehe yake.

Waliandika barua ya kuomba malori yazuiwe watoto wanapovuka, wakaipeleka kwa diwani, na nakala moja ya kwao wenyewe. Diwani alikuwa mtu mpole mwenye haraka. Aliisoma huku amesimama.

"Nimeelewa. Nitalishughulikia."

Mama Vifungo alitoa kopo kwenye mfuko akalimimina mezani. Vifungo vilitawanyika juu ya karatasi zake, vyeupe, vyekundu, vya koti, vya shati.

"Kila kimoja ni lori, mheshimiwa. Hayo ni malori ya muda wa saa tatu tu, katika siku tatu, watoto wanapovuka. Tutapata jibu tarehe gani?"

Diwani alivitazama vile vifungo. Kisha akamtazama seremala, aliyemchezea debe. Akakaa kitini. "Nipeni wiki mbili."

Karani alipiga mhuri kwenye nakala yao na kuandika tarehe. Jumamosi ile wote saba walipita milangoni na habari moja: barua imepokelewa, jibu ni baada ya wiki mbili.

Wiki mbili zikaisha. Jibu halikuja.

Ijumaa ile Mama Vifungo hakula. Alijua kesho ni siku ya milango. Alivisikia vicheko vya Jumamosi ile ya fulana kana kwamba vinatoka chini ya dirisha. Mguu ulikuwa mzito kwenye cherehani.

"Nitawaambia naumwa," alimwambia mama mkwe wake.

"Sema. Halafu Jumamosi nyingine utaumwa nini?"

Alikwenda. Kwa muuza mkaa sauti yake ilikuwa ndogo. "Sina jipya. Jibu halijaja. Nimekuja kwa sababu nilisema nitakuja."

Muuza mkaa alimkazia macho. Mama Vifungo alisubiri kicheko. "Kumbe unarudi kweli," alisema yule mama, na akafungua mlango wote. "Ingia unywe maji. Jumatatu mnarudi kwa diwani? Na mimi naja."

Ilikuwa hivyo kwa wengine pia. Walikwenda ofisini Jumatatu wakiwa watu thelathini na mmoja, na ile nakala yenye mhuri. Hawakupiga kelele. Walimwomba diwani jambo moja tu, aje kusimama langoni pa shule saa sita.

Diwani alikuja Jumatano, na viatu vyake vizuri. Kengele ililia, watoto wakamiminika. Lori la kwanza lilipita karibu naye mno, likapiga honi, likamwacha mweupe kwa vumbi. Alirukia ukutani kama Chiriku alivyoruka.

"Halafu bado, hilo lilikuwa polepole!" Chiriku alimwambia. "Yule mwingine ndiye alikula kiatu changu, unataka kukiona?"

Kazi ilianza kabla mwezi haujaisha. Kibao kilisimikwa cha kuzuia malori saa za shule, asubuhi na mchana. Tuta moja lilijengwa mbele ya lango. Madereva wawili watatu walijifanya hawajui kusoma, lakini tuta halikuwabembeleza. La pili, lililoahidiwa karibu na kwa seremala, lilikuwa bado.

Jumamosi iliyofuata Mama Vifungo alikuwa akimalizia pindo kabla ya kwenda kwenye milango. Daftari hakuliona. Alidhani amelisahau kwa seremala, walipokutana mchana.

"Hodi!"

Seremala alikuwa mlangoni, amenyoosha shati, daftari mkononi na kalamu sikioni.

"Karibu, jirani. Vipi, umeniletea daftari?"

"Sijaleta, ninalitumia. Nimelipitia lote. Nyumba sitini na nne zimo. Yako haimo."

Mama Vifungo alicheka. "Mimi si ndiye ninayegonga!"

"Ndiyo maana hakuna aliyekuuliza." Alifungua ukurasa mpya. "Nini kinakusumbua hapa mtaani?"

Kisha akanyamaza, kama walivyofundishwa wote.

Mama Vifungo alifikiri atasema habari ya tuta la pili, au taa iliyokufa. Nje, lori lilisikika likija. Lilifika langoni, likapunguza mwendo, likapanda tuta kwa kuguna, likashuka. Alitazama chini. Mguu wake ulikuwa umeacha kukanyaga.

"Bado naogopa," alisema.

Seremala alishusha kalamu. "Hilo nalo niandike?"

"Si maneno yangu? Andika hivyohivyo."

Akaandika. Alifunga daftari, akamuaga mama mkwe, na akiwa mlangoni akageuka.

"Nitarudi Jumamosi," alisema.